Nyumba Iliyokuwa Ziwani

Kila asubuhi, kabla simu za ofisi hazijaanza kulia, Yorleny Solano alichemsha maji katika chumba cha nyuma, akayamimina polepole kwenye mfuko wa kitambaa uliojaa kahawa ya kusaga. Mfuko ulining'inia kwenye kitegemeo cha mbao, na birika lilikaa chini yake likisubiri. Jua la asubuhi liliingia dirishani likaanguka juu ya meza ileile, mahali palepale. Yorleny aliupenda muda ule. Kahawa huchuruzika kwa wakati wake, wala haimuulizi mtu maoni yake.

Siku hiyo maji yalikuwa hayajafika nusu ya mfuko pale Doña Xinia Barquero, mwenyekiti wa baraza la rufaa, alipofungua mlango bila kubisha, mkoba ungali begani.

"Acha hiyo kahawa, binti. Don Rodrigo amelazwa tangu alfajiri. Nyongo."

"Masikini. Anaendeleaje?"

"Anamtukana daktari, kwa hiyo atapona. Wewe ndiye mjumbe wa akiba. Saa tatu unakaa nasi."

Yorleny alisahau kwamba mkono wake bado unamimina. Maji yalifurika, yakateremka mezani, yakamfikia kiatuni.

Jina lake lilikuwa limekaa kwenye nafasi ya akiba kwa muda mrefu, kama gurudumu la ziada ndani ya buti la gari, na hakuna aliyewahi kulihitaji. Kazi yake ilikuwa kusoma majalada ya watu walionyimwa hifadhi ya ukimbizi, kupima walichosema na walicholeta, kisha kuandika rasimu ya uamuzi ili wakubwa waijadili. Kuandika aliweza. Kusema ndiko kulikomshinda. Chuoni, kwenye mtihani wa mdomo, alijibu akitazama sakafu, na profesa akaandika kwamba hakujiandaa. Alikuwa amejiandaa mpaka akaugua.

"Tunaanza na kesi ipi?" aliuliza, akifuta meza.

"Ya Samaki," alijibu Doña Xinia, akatoka.

Samaki alikuwa Don Eliécer Urroz, muuguzi kutoka Managua, mji mkuu wa nchi jirani. Alieleza kwamba mwaka wa maandamano aliwatibu nyumbani kwake vijana waliopigwa risasi, na baadaye watu waliofunika nyuso wakaja kumtafuta. Ofisi ya kwanza ilimkatalia. Alipoulizwa nyumba yake iko wapi, alieleza vizuri tu. Afisa akayafuata maelezo yake kwenye ramani, kona kwa kona, akajikuta ndani ya ziwa. Kiwanda cha barafu alichokitaja hakikuwepo popote. Mtu asiyejua kwake, aliandika yule afisa, hakuishi huko, na kama hakuishi huko hakumtibu mtu huko. Akaongeza chini: mwombaji alicheka alipokuwa akieleza vitisho.

Jaladani kulikuwa na picha ya mlango wa kijani aliosema ni wa nyumba yake. Ungeweza kuwa mlango wa mtu yeyote.

Licenciado Gamboa, mwanasheria na mjumbe wa pili wa baraza, ndiye aliyembandika jina la Samaki. "Huyu alikuwa akitibu kambale," alisema, na ofisi nzima ikacheka. Yorleny naye alicheka, kwa sauti ndogo, kama alivyofanya mambo yake yote. Kisha akaandika rasimu ya kuikataa rufaa. Baraza likiipitisha, Don Eliécer angetakiwa kuondoka Costa Rica, na nchi pekee ya kumpokea ilikuwa ileile aliyoikimbia.

Sasa alikuwa akienda kumwona uso kwa uso.

Mzee aliingia katika chumba cha kikao akiwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Nyuma yake alikuja wakili wake, Keilor Mata, kijana wa shirika la kanisa. Don Eliécer alizunguka meza akampa kila mtu mkono, jambo ambalo waombaji hawakuwa wakifanya, na hakuna aliyejua namna ya kumzuia. Alipofika kwa Yorleny aliushika mkono wake muda kidogo, kiuguzi.

"Mikono baridi, mwanangu. Umekunywa kahawa?"

"Imemwagika," alisema Yorleny.

Don Eliécer alicheka. Gamboa aliandika kitu.

Walipokwisha kumwapisha, Gamboa ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye macho ya kuchoka, na alikuwa amesikiliza waongo wengi kuliko padri.

"Don Eliécer, mimi ni mtu wa Puntarenas. Nimekulia majini. Lakini hata mimi sijawahi kujenga nyumba humo."

"Sijakuelewa, mkuu."

"Nakusomea maneno yako mwenyewe. 'Kutoka kilipokuwa kiwanda cha barafu, kona mbili kuelekea ziwani, kona tatu kaskazini.' Ziwa lenyewe liko kaskazini. Ukihesabu kona zote hizo, unahitaji mtumbwi."

Mzee alikunja uso. "Kaskazini? Mimi sikusema kaskazini. Hilo ni neno la mabaharia. Nilisema juu."

"Juu ndiyo kaskazini."

"Ya wapi, mkuu?"

"Ya ramani yoyote." Gamboa aliinua karatasi yenye ramani, akagonga ukingo wake wa juu kwa kidole.

"Mimi sikai kwenye karatasi," alisema Don Eliécer, bila ukali.

Doña Xinia alivua miwani. "Basi tuonyeshe. Juu ni wapi?"

Mzee aligeuka kwenye kiti, akatazama kuta nne kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. "Samahani. Hapa kwenu jua linatokea upande gani?"

Karani aliyekuwa akiandika kikao alionyesha mlango. Keilor alionyesha feni iliyokuwa darini, akaushusha mkono haraka. Gamboa alisema ofisi zimejengwa vibaya, jua halijui hata liingilie wapi. Yorleny pekee ndiye aliyekuwa na hakika, kwa sababu ya meza yake ya kahawa. Alionyesha dirisha, mkono ukiwa karibu na kifua.

"Asante, mwanangu. Basi juu ni kule. Jua linapanda kule, ndiyo juu. Linashukia huku nyuma, ndiyo chini. Ubavuni ziwa, na ubavu wa pili milima. Managua nzima tunaelekezana hivyo, hata tarishi wa barua."

"Na kiwanda cha barafu?" aliuliza Gamboa. "Nacho kimepanda na jua?"

"Kilianguka na tetemeko, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Sasa ni uwanja mtupu, watu wanacheza besiboli. Lakini ukimwambia dereva akupeleke kwenye uwanja mtupu atakuuliza upi. Mwambie kiwanda cha barafu, anakwenda moja kwa moja."

Gamboa alifungua mdomo, lakini Doña Xinia alimuwahi.

"Kabla hujasema, Gamboa, wewe unakaa wapi?"

"Mimi? Mita mia mbili kusini mwa lilipokuwa duka la Doña Chepa."

"Ulishawahi kununua kitu dukani humo?"

"Lilifungwa kabla sijazaliwa," alikiri Gamboa, na hata karani akainamia mashine yake kuficha kicheko.

Doña Xinia aliagiza sauti ya mahojiano ya kwanza ichezwe. Ilikuwa na kelele za magari, lakini neno lilisikika bila shaka: kona tatu juu. Mtu fulani wa ofisini, aliyezoea kuelekezwa kwa mita na dira, alilisafisha likawa kaskazini lilipopita mikononi mwake. Huenda alidhani anamsaidia mzee asionekane mshamba. Mwenyekiti alichukua penseli, akahesabu kona upya, mbili kuelekea ziwani na tatu kuelekea mashariki. Penseli ilitua kwenye safu ya nyumba, nchi kavu.

Keilor alikuwa tayari anatabasamu. Gamboa hakutabasamu.

"Sawa," alisema. "Nyumba tumeiopoa, na mimi namwomba radhi mwenye nyumba kwa mzaha wangu. Lakini nyumba kavu ni nyumba tu. Watu wangapi wana nyumba kavu Managua na hakuna anayewatafuta?"

Yorleny alitamani kumwona amekosea, lakini hakuwa amekosea. Kosa la afisa lilikuwa limeondoka, na mahali pake hapakuwa na ushahidi wowote, palikuwa patupu.

"Jambo la pili," aliendelea Gamboa. "Pameandikwa kwamba ulicheka ukieleza vitisho. Na leo pia nimekusikia. Mimi si mtu mgumu, Don Eliécer. Lakini aliyekimbia kuuawa anacheka nini?"

"Ni tabia tu, mkuu."

"Tabia."

"Ndiyo."

Lilikuwa jibu baya. Mzee mwenyewe alilijua, maana alishusha macho, na Yorleny akaiona kalamu ya Gamboa ikitembea. Alijua pia maana yake. Kwa miaka Gamboa na Doña Xinia walikuwa wakivutana, huyu huku na huyu kule, na sauti ya Don Rodrigo ndiyo iliyokata shauri. Leo sauti hiyo ilikuwa hospitalini, na kiti chake alikikalia yeye.

Alifunua jalada. Don Eliécer alikuwa amehojiwa mara kadhaa na watu tofauti, na kila mmoja alikiandika kicheko kivyake: huyu pembeni, huyu kwenye mabano, mwingine mwishoni kama jambo la tabia. Alipoiandika rasimu yake hakuwa ameyaweka maandishi hayo pamoja. Sasa aliyaweka. Mzee hakuwa akicheka ovyo. Alicheka mahali pamoja tu, watu wakishagonga mlango, kabla hajaeleza alivyoondoka. Hapo palikuwa na kitu alichokuwa akikiruka, kama mtu anavyoruka ngazi mbovu nyumbani kwake.

"Kuna swali jingine?" aliuliza Doña Xinia.

Yorleny aliandika swali kwenye karatasi, akaisukuma kuelekea kwa mwenyekiti. Doña Xinia aliirudisha bila kuisoma.

"Mjumbe ana mdomo," alisema kwa upole.

Masikio ya Yorleny yaliwaka moto. "Don Eliécer," alisema, akiitazama mikunjo ya lile shati. "Wanapogonga mlango... halafu wewe unaondoka. Hapo katikati ndipo unapocheka. Mara zote ni hapo. Kuna nini hapo?"

Mzee alimtazama wakili wake. Keilor alitikisa kichwa kidogo sana.

"Niliambiwa nisiseme."

"Na nani?"

"Wenzangu tunaolala chumba kimoja. Walisema nikilisema nitaonekana mwehu, au nawafanyia mzaha wakubwa. Hata huyu kijana alisema tuliache."

"Don Eliécer," alinong'ona Keilor, uso umemwiva.

"Lakini mimi nauliza," alisema Yorleny. Hakujua sauti ile ilikuwa imetokea wapi.

"Basi," alisema mzee. "Ni kasuku."

Gamboa aliiweka kalamu chini.

"Jirani yangu, Doña Ninfa, ana kasuku anayekaa ukutani, kati ya ua wake na wangu. Siku walipokuja ilikuwa mchana. Mimi niko nyuma, naanika mashuka niliyoyafua, zile damu za vijana. Wakagonga kwa vitako vya bunduki. 'Fungua, Eliécer, tunajua umo.' Nikapanda ukuta, nikajificha kwa Doña Ninfa mpaka wakachoka. Kesho yake nakunywa kahawa, nasikia, 'Fungua, Eliécer.' Sauti ileile, mkuu. Na kikohozi cha yule mwanaume ndani yake. Nikaanguka chini ya meza. Kumbe ndege."

Alianza kucheka, mabega yakimtikisika. "Doña Ninfa akamfunika kwa kitambaa, akaita ndani ya kitambaa. Akampa ndizi ili anyamaze, akaila yote, akapangusa mdomo, akaita. Mtaa mzima ukacheka. Wakinikuta njiani wananiambia, Eliécer, mbona hufungui? Nami nikacheka. Ningefanya nini? Nikazoea kumjibu. Akiita, namwambia nyamaza wewe, mfungulie mama yako."

Kicheko kilikwisha, bila kupungua kwanza.

"Halafu asubuhi moja nanyoa ndevu. Nasikia, 'Fungua, Eliécer.' Nikasema, nyamaza wewe. Nikaendelea kunyoa." Alijipapasa shavu. "Hakuwa kasuku."

Mzee aliushusha mkono kutoka shavuni.

"Nilisikia mlango unapasuka. Nikatokea dirisha la bafuni, sabuni usoni. Sikurudi tena. Nilivuka mpaka na ndevu za upande mmoja. Mwanamke mmoja ndani ya basi aliniuliza kama nimeweka nadhiri."

Gamboa alikohoa. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ya chini. "Huyo ndege yuko wapi sasa?"

"Bado yuko kwa Doña Ninfa."

"Tukimpigia simu, tunaweza kumsikia?" aliuliza Keilor, akiwa tayari ameshatoa simu mfukoni.

"Hapana, mwanangu. Doña Ninfa aliogopa. Ndege anayesema vile ni hatari ndani ya nyumba. Alimfundisha upya, kwa taabu sana. Sasa anasema kahawa iko tayari." Akamgeukia Yorleny, karibu atabasamu. "Kwa hiyo sina cha kuwaonyesha. Ndiyo maana niliona heri ninyamaze."

Wajumbe waliingia katika chumba cha nyuma kujadiliana, kwa sababu ndicho chenye mlango unaofunga sawasawa. Meza bado ilikuwa na unyevu. Yorleny alichemsha maji mengine ili mikono yake ipate kazi.

"Kasuku si shahidi," alisema Gamboa, akikaa. "Hakuapishwa."

"Gamboa," alisema Doña Xinia, "unaujua utaratibu. Mdogo ndiye anayeanza. Ukianza wewe, atakufuata kwa adabu."

"Sijaanza. Naongea na kahawa." Lakini hakuweza kujizuia. "Ninachosema ni hiki. Natamani kumwamini yule mzee, na hilo ndilo linalonitia hofu. Hadithi nzuri inamfaa mkweli, na inamfaa mwongo vilevile. Kesho kila mtu atatuletea mnyama."

"Yorleny," alisema mwenyekiti.

Alikuwa amesimama, birika mkononi. "Haiwezi kusemwa," alianza, "kwamba maelezo ya mwombaji hayana... yaani, hatuwezi kusema kwamba hayawezekani, wala hakuna..."

"Ha, ha, ha," alisema Doña Xinia. "Nawe unacheka? Sentensi moja, na kila neno linaanza kwa kukana. Rasimu zako zote ziko hivyo, binti. Nimezisoma, zimeandikwa vizuri, na kila mara namaliza sijui mwandishi anaamini nini. Sikuulizi ambacho hakiwezi kusemwa. Weka birika chini."

Yorleny aliliweka chini.

Alifikiri juu ya rasimu yake, kurasa safi zisizo na kosa la nukta, zilizojengwa juu ya nyumba iliyozama kwa neno moja. Alimfikiri yule profesa aliyeyatazama macho yake yaliyoinamia sakafu badala ya kusikiliza jibu. Kisha akajilazimisha kuyafikiri maneno ya Gamboa, kwa kuwa yalistahili kufikiriwa. Ndiyo, mwongo angeweza kubuni kasuku. Lakini mwongo akibuni kitu hukileta mapema, hukiweka mezani kimuuzie hadithi. Huyu alimficha kasuku wake kutoka afisa hadi afisa, akakubali aandikwe kuwa mtu wa mzaha, akanyimwa hifadhi kwa sababu yake. Na hadithi yenyewe haikumpamba. Ndani yake hapakuwa na shujaa, palikuwa na mwanaume mwenye sabuni usoni aliyedhani ni ndege.

Hakuwa na hakika. Alitafuta hakika ndani yake kama anavyotafuta funguo, na hakuipata. Lakini sheria haikuwa imemtaka hakika. Ilimtaka apime kama hofu ya mtu huyu ina msingi, kisha aseme. Akikosea upande mmoja, mzee asiyestahili angezeeka hapa San José akiwapa watu mkono na kuwauliza kama wamekunywa kahawa. Akikosea upande wa pili, mlango wa kijani ungegongwa tena, na safari hii asingekuwepo mtu wa kucheka.

Aliinua macho. Gamboa alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza Yorleny aliona kwamba mtu yule mnene hakuwa akimsubiri akosee. Alikuwa akisubiri kusikia.

"Rasimu yangu naiondoa," alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nyumba ipo. Aliishi pale, aliwatibu wale vijana, na walikuja kumtafuta. Akirudi watakuja tena. Sina karatasi ya kuwaonyesha. Nina yeye tu, nimemsikiliza." Akavuta pumzi. "Namwamini."